Mgeni wa Mama wa Saa Kumi na Moja Jioni

Kwa miezi mitatu, karibu kila siku saa kumi na moja jioni, kuna mwanaume alikuwa anakuja nyumbani kwa mama yangu.

Mimi sikuwahi kumwona. Na nilikuwa naishi humo humo.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Ukiamini sawa, usipoamini pia sawa, nimeshachoka kubishana na watu.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Zile herufi kubwa juu ya milango ya maduka, "Hapa Tunashona", "Saluni ya Kisasa", ndiyo kazi yangu, mwaka wa ishirini na mbili huu. Brashi, rangi, ngazi, na mdomo wa kubembeleza wateja. Nina miaka arobaini na sita, ndoa ilishanishinda zamani, nikarudi kukaa na mama.

Mama ana ugonjwa wa Parkinson. Wengi wanaujua kwa kutetemeka. Laiti ingekuwa kutetemeka tu.

Mama alikuwa anaganda. Anatembea vizuri, akifika mlangoni miguu inagoma, kama imepigiliwa misumari. Siku moja nilirudi kazini nikamkuta amesimama kati ya chumbani na sebuleni, kashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Mama, uko hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu taarifa ya habari ya mchana," akasema.

Nikaangalia saa. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Halafu kuna uso. Huu ugonjwa unakaza misuli ya uso, basi mama akifurahi, akikasirika, akiumia, uso ni ule ule mmoja. Lazima usikilize anachosema, kwa sababu usoni hupati kitu. Na sauti nayo ilikuwa imeshuka, anaongea kama anakupa siri ya mtu.

Kilichotuokoa ni darasa la mazoezi.

Ni ukumbi mdogo nyuma ya zahanati. Viti vya plastiki, sakafu ya saruji, feni moja inayolalamika. Jumanne na Ijumaa asubuhi wanakutana watu kumi na wanne wenye ugonjwa huo, pamoja na ndugu zao. Anayefundisha ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Sote tunamwita Kocha.

Alipojua kazi yangu hakunichelewesha.

"Nichoree mistari ya njano sakafuni, kama ngazi iliyolazwa," akasema.

Nikachora. Mama akasimamishwa mbele ya mstari wa kwanza. Kocha akamwambia, "Mama, usitembee. Vuka." Mama akanyanyua mguu, akavuka. Akavuka wa pili. Akafika ukutani bila kuganda hata mara moja. Mimi na umri wangu huu nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Kulikuwa na zoezi la sauti pia. Kocha hataki upige kelele za a-a-a kama mtoto. Anataka kila mtu achague sentensi moja anayoihitaji nyumbani kwake, aitamke kwa nguvu zote mara ishirini kwa siku. Kuna mzee mmoja aliyeendesha malori maisha yake yote, tunamwita Dereva. Sentensi yake ilikuwa, "Nani kachukua rimoti yangu?" Na mkewe, aliyekaa pembeni yake, anamjibu kila mara, "Umeikalia."

Ya mama ilikuwa, "Chakula kiko mezani." Chakula chenyewe napika mimi, lakini haya.

Yaani tulikuwa tumeanza kupumua. Ndipo wageni wakaanza kuja.

Wa kwanza walikuwa watoto wawili, wamekaa juu ya kabati la nguo. "Wana adabu," mama akasema, "hawasemi kitu." Halafu akaja paka wa kijivu, chini ya meza. Nikafunua kitambaa cha meza, hakuna paka. Nikajiambia ni uchovu, ni macho, ni umri.

Kisha akaja yule.

"Leo kuna mwanaume kapita hapa," mama akaniambia jioni moja, hata begi sijalishusha.

Nyumba yetu ina kichochoro. Ukiingia getini, unapita kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani mpaka ufike mlangoni. Dirisha la sebule liko hapo hapo, lina pazia jepesi, na kiti cha mama kiko chini yake. Kila anayepita mama anamsikia, na kivuli chake anakiona kwenye pazia.

"Mwanaume gani?"

"Simjui. Anaburuta mguu. Mmoja unasema pa, wa pili unasema shaa. Mkono mmoja umening'inia tu, umemganda ubavuni. Anakuja taratibu, kama mtu aliyetumwa."

"Akaenda wapi?"

"Alifika karibu na mlango, sikumsikia tena. Afadhali umekuja wewe."

Nilitoka nikakagua kichochoro chote. Ngazi yangu ya pili, makopo ya rangi, ufagio. Basi.

Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa. Pa, shaa.

Mama akamweleza kaka kwenye simu bila mimi kujua. Kaka yangu mkubwa anaishi mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, na ni mtu wa amri tangu utotoni. Alinipigia saa hiyo hiyo.

"Mama anaona watu, na wewe unamwacha peke yake mchana?"

"Kaka, nafanya kazi."

"Sikulaumu. Nakwambia namchukua. Akili ikianza kuondoka, mtu haachwi peke yake."

"Huko kwako kuna darasa la mazoezi?"

"Kuna kitanda, na kuna watu wa kumwangalia."

"Hicho kitanda ndicho kitakachommaliza."

Kaka akasema, "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nikija nikakuta bado anaona watu, tunafunga mizigo."

Sasa elewa nilikokuwa. Bila darasa, mama anarudi kuganda milangoni, halafu anarudi kitandani, halafu hatoki. Nilishaona kwa watu wengine jinsi inavyokwenda. Mama mwenyewe alijua.

Na hapo ndipo nilipokosea. Sikumwambia Kocha. Niliogopa watasema mama amechanganyikiwa, watamtoa darasani. Badala yake nikajifanya mganga.

"Mama, badilisha sentensi yako," nikamwambia. "Akija yule mtu, mkaripie. Sema, Toka hapa, huna chako."

"Nimkaripie mtu ambaye hajanikosea?"

"Mama, huyo siyo mtu."

Basi ikawa kila jioni nikirudi kazini, nikifungua geti, nasikia ndani, "Toka hapa, huna chako." Sauti inapanda siku hadi siku. Mimi kichochoroni natabasamu peke yangu. Nasema mama anapona, sikia kifua hicho.

Miezi hiyo mimi mwenyewe nilikuwa na hasira na kila mtu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikataa bango langu.

"Fundi, herufi ya kwanza naiona kutoka ng'ambo ya barabara. Ya mwisho nahitaji miwani. Unabana rangi?"

Nusura tushikane. Fundi viatu naye akaniuliza kiatu cha kulia kinaliwa na nini, mbona ncha imekwisha na cha kushoto kizima. Nikamwambia ashone, maswali abaki nayo. Ni ngazi, nikasema. Kupanda ngazi kutwa nzima siyo mchezo.

Siri ilipasuka Jumanne moja ukumbini. Zamu ya mama ya sauti ilipofika, akavuta pumzi, akapiga, "Toka hapa, huna chako."

Kocha akamsogelea.

"Mama, unamfukuza nani?"

Mama akaeleza yote, watoto, paka na yule mwanaume. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Dereva akakohoa. "Mimi kuna mwanajeshi bafuni kwangu," akasema. "Namwomba anipishe nioge, ananipisha."

"Nimeshamzoea," mkewe akasema. "Siku hizi hata mimi nabisha hodi kabla ya kuingia."

Watu wakacheka, halafu mkono mwingine ukanyooka, na mwingine. Walikuwa watano. Kila mmoja alikuwa na wake nyumbani, na kila mmoja alikuwa anaogopa kusema.

Kocha hakucheka. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba wenye ugonjwa huu wengi hutokewa na wageni, mara nyingine ni dawa zenyewe, na daktari lazima ajue. "Kuona siyo aibu," akasema. "Kumfundisha kuficha ndiko kunakomuumiza." Nilistahili.

Daktari akapunguza dawa moja. Wiki mbili hazikuisha, watoto wakapotea. "Wameondoka bila hata kuaga," mama akasema, na nikamsikia kwenye sauti kwamba anawakumbuka. Paka naye akaenda zake.

Yule mwanaume akabaki.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa hasa. Kama ni dawa, mbona wengine wameondoka na huyu hataki? Jumapili nikasema leo namsubiri mwenyewe. Nikakaa na mama dirishani tangu mchana. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Kichochoro kimya.

"Ukiwepo wewe haji," mama akasema. "Anakuogopa."

Nitasema ukweli, nilijisikia vibaya na nilijisikia mwanaume kwa wakati mmoja.

Mwisho wa mwezi ukafika. Kaka akapiga, Alhamisi alasiri atakuwa amefika. Asubuhi ya Alhamisi hiyo nikamkalisha mama.

"Kaka akikuuliza, sema haji tena. Na akija yule, leo tu, nyamaza."

"Uzee wote huu unakuja kunifundisha uongo?"

"Mama, unataka kwenda kwa kaka?"

Akageukia mlango.

"Nataka nife natembea," akasema. "Na nataka nitembee nyumbani kwangu."

"Basi nyamaza. Leo tu."

Nilikuwa na bango la kumaliza, nikaenda. Nilipanda na kushuka ngazi kutwa nzima, roho haipo. Saa kumi na moja nikafungua geti.

Ndani kimya. Nikashukuru. Nikaanza kupita kichochoroni.

Nilikuwa nimefika katikati niliposikia sauti ya mama, siyo ile ya mazoezi, ni ya mtu aliyejizuia akashindwa. "Toka hapa, huna chako."

Nikasimama. Nikasema basi, yamekwisha, kaka amesikia, kesho ni mizigo.

Halafu nikamsikia kaka, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mama, hata mimi nimemsikia."

Kaka yangu ni mtu asiyeamini chochote ambacho hajakishika kwa mkono. Nikageuka nyuma. Geti, ngazi, makopo, jua la jioni ukutani. Nikaangalia mbele, hakuna mtu. Lakini wao ndani wamemsikia, na wamemsikia hapa nilipo. Kwa hiyo yuko nami humu kichochoroni.

Nikakimbia kuelekea mlangoni. Yaani nilidhani nakimbia.

Mlango ukafunguka kabla sijaugusa. Kaka kasimama na fimbo ya mama kaiinua. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, akaniangalia tena.

"Umepishana na nani?"

"Sijapishana na mtu."

"Kuna mtu kapita dirishani sasa hivi anaburuta mguu. Nimemsikia, na kivuli nimekiona kwenye pazia."

"Kaka, nimetoka getini peke yangu."

Fimbo ikashuka taratibu. Macho ya kaka yakashuka nayo mpaka kwenye viatu vyangu. Akakaa akiviangalia.

"Rudi getini," akasema.

"Kwa nini?"

"Rudi getini, halafu njoo kama unavyokuja siku zote."

Nikarudi kwa hasira, huyu mtu mpaka leo ananituma kama mtoto. Nikagusa geti, nikageuka, nikaanza kuja. Safari hii nilikuwa nasikiliza.

Pa.

Shaa.

Pa.

Shaa.

Na ndani mama akasema, "Huyo anarudi."

Nikaangalia chini. Ncha ya kiatu cha kulia ilikuwa inakwangua saruji. Nikauamuru mguu unyanyuke, ukanyanyuka hatua mbili, ya tatu ukasahau. Nikaangalia mkono wa kulia. Umening'inia, umeganda ubavuni, vidole vimejikunja kidogo. Wa kushoto unapunga, huu hautaki. Sijui ulianza lini. Nilikuwa nauona kila siku na sikuwa nimeuona.

Kaka akakaa kwenye kizingiti. Mama akatoka, ananyanyua miguu vile alivyofundishwa, mpaka akanifikia. Akaushika mkono wangu, akaukunja, akaukunjua.

"Nyayo zako nazijua tangu unajifunza kutembea," akasema. "Zile hazikuwa zako. Ndiyo maana sikukujua."

Hakuuachia mkono.

"Kumbe nilikuwa namfukuza mwanangu."

Uso wake haukusogea hata kidogo. Machozi yalikuwa yanashuka kwenye uso uliotulia kabisa. Nimepitia mengi, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu maneno yale nilimfundisha mimi.

Nilipokwenda kwa daktari wa mama, alinipima palepale mezani kwake. Akaniambia nigongeshe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, nitembee mpaka mlangoni, halafu niandike sentensi yoyote. Nikaandika, "Mimi ni mchoraji wa mabango." Neno "mabango" ilibidi alisogeze karibu na macho. Nilicheka peke yangu, wateja walishanipima bure.

Akasema ni Parkinson, kama mama, na kwamba mara nyingi haurithiwi, kwa nini sisi wawili bado hawajui. Akasema mwili ukichoka jioni ndipo unajionyesha zaidi, ndiyo maana asubuhi ukumbini nilikuwa natembea kama watu, na Jumapili ya mapumziko pia.

Lakini Kocha nilimuuliza. Mwaka mzima niko mbele yako mara mbili kwa wiki, hukuona? Akainama.

"Nilikuwa naangalia waliokaa kwenye viti," akasema. "Wewe ulikuwa umesimama nyuma umeshika mkoba wa mama. Hakuna aliyekuangalia."

Sikumlaumu. Hata mimi sikujiangalia.

Kaka alisema sasa anatuchukua wote wawili. Mama akakataa. Mimi, sitaki kudanganya, nusura nikubali. Nilikuwa naogopa. Bado naogopa. Kila asubuhi kabla sijafumbua macho vizuri nautikisa kwanza mkono wa kulia nione umeamkaje. Na swali lililokuwa linanikaba ni moja, mimi nikianza kuganda, nani atamvusha mama mlangoni?

Nilisema hivyo ukumbini.

"Kwani sisi tumekufa?" Dereva akauliza.

Mkewe akatoa daftari kwenye pochi, akalipitisha kiti kwa kiti, watu wakaandika zamu za kutusindikiza. Siku hizi Jumanne na Ijumaa kuna mtu anatugongea geti, kila wiki familia nyingine. Mimi nina kiti changu mstari wa pili. Kaka aliondoka na begi lake peke yake.

Somo langu siyo refu. Mgonjwa wako akikwambia anaona kitu, usimfundishe kunyamaza. Muulize kinafananaje, na msikilize mpaka amalize. Mama yangu alinieleza ugonjwa wangu miezi mitatu, mguu kwa mkono, na mimi nikawa namwambia siyo mtu. Na wewe unayemshika mwenzio mkono kila siku, mwombe mtu mmoja akuangalie na wewe unavyotembea.

Juzi kaka kapiga simu. Hata salamu hakutoa.

"Mama yuko karibu? Weka sauti ya juu, mpe."

Nikampa.

"Mama," kaka akasema, "naiweka simu sakafuni. Nitatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni. Usiseme kitu mpaka nimalize."

Tukasikia simu inawekwa chini, kisha hatua zake. Mimi sikusikia chochote cha ajabu, lakini mimi ni yule yule ambaye hakusikia hata za kwake. Nikamwangalia mama. Kainamisha kichwa juu ya simu, uso ule ule, huwezi kujua.

Kaka akarudi, anahema kama mtu aliyepanda ngazi.

"Vipi?"

Mama akaisogeza simu karibu na sikio.

"Rudia," akasema. "Vua viatu."